Kidonda ndugu: kabla ya kuuliza "nipake nini?"

Barua za miezi hii zimejaa vidonda, na karibu zote zinaishia kwenye swali moja: dawa gani ya kupaka? Tumechagua saba. Tuseme mapema kwamba kidonda cha mtu mwenye afya njema huonekana kinapungua ndani ya wiki mbili tatu. Kikifika wiki ya nne kiko vilevile, kuna kitu kinakizuia, na hakuna mafuta wala unga utakaokiponya kabla kitu hicho hakijajulikana. Kwa hiyo wasomaji watatuvumilia pale majibu yetu yanapoanzia mbali na chupa ya dawa.

Shikamoo daktari. Baba yangu ana kisukari mwaka wa kumi na moja. Ana kidonda chini ya unyayo, pale kwenye shina la dole gumba, mwezi wa tano sasa. Namshukuru Mungu hakimuumi, anatembea kama kawaida. Tunakisafisha asubuhi na jioni kwa haidrojeni peroksaidi na kukinyunyizia unga wa rangi mbili, ule wa kapsuli za antibayotiki. Kwa nini hakifungi? — Binti, Tanga

Marahaba, binti. Neno zito kwenye barua yako ni hilo unalolishukuru: hakimuumi. Mtu anayekanyagia kidonda na kutembea kama kawaida, mishipa yake ya fahamu ya miguuni imeshaharibiwa na kisukari. Mwenye mguu unaohisi akipata kidonda mahali pale, atachechemea bila kuambiwa, na kule kuchechemea ndiko kunakompa kidonda nafasi ya kupona. Baba hachechemei. Kila anapokwenda msalani, dukani au barazani, uzito wake wote unashukia nyama changa iliyoota jana na kuiponda.

Jambo hili lilieleweka kwanza kwa wagonjwa wa ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba miguu ya wagonjwa wale haikuwa ikioza yenyewe kama watu walivyoamini. Ilikuwa ikiumizwa kila siku kwa kukanyaga bila kuhisi. Ilipofungwa hogo na kutulizwa, vidonda vya muda mrefu vilifunga. Mguu wa kisukari wenye ganzi uko hivyohivyo.

Basi tiba ya kwanza ya baba ni kuuondolea mguu uzito. Njia iliyo bora ni hogo, lile la mfupa uliovunjika, lakini likiwa limefinyangwa ligusane na mguu mzima kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, ili uzito usambae badala ya kukaa sehemu moja. Hulifunga mtu aliyefundishwa, na hufunguliwa kila wiki moja au mbili kukagua kidonda. Halifungwi pale ambapo kidonda kina maambukizi makali au mguu haupati damu ya kutosha. Likikosekana, kuna viatu vya tiba vinavyoning'iniza sehemu ya mbele ya mguu. Navyo vikikosekana, muuguzi anaweza kubandika felti nene unyayoni, yenye tundu pana kuliko kidonda, na baba akatumia magongo au kitimwendo. Kiatu cha tiba kinachovaliwa kwenda kliniki tu na kuvuliwa nyumbani hakisaidii: hatua nyingi za mtu mzima kwa siku hupigwa ndani ya nyumba yake.

Angalia pia ukingo wa kidonda. Bila shaka una sugu, ngozi nene ya rangi ya manjano iliyokizunguka kama fremu. Sugu ile inakandamiza kama jiwe ndani ya kiatu, na mara nyingi chini yake kidonda ni kipana kuliko kinavyoonekana. Inatakiwa ichongwe kwa kisu cha hospitali karibu kila wiki. Msiichonge wenyewe kwa wembe, wala msiweke zile plasta za kuyeyusha sugu zinazouzwa famasi. Zina asidi, na mguu wa baba hautasema kama unaungua.

Dawa mnazotumia ziacheni leo. Peroksaidi inayochemka na kutoa povu inafurahisha macho, lakini inaua chembe changa za nyama pamoja na vijidudu, na mara mbili kwa siku ina maana kwamba kila asubuhi mnaifuta kazi ya usiku. Unga wa rangi mbili unagandamana na majimaji ya kidonda na kufanya ukoko, usaha unajificha chini yake, na vijidudu vinavyobaki ni vile vilivyozoea dawa. Jinsi ya kusafisha tumeieleza kwenye swali linalofuata.

Sukari nayo ipimwe, na isiwe ya asubuhi peke yake. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinakuwa goigoi na maambukizi yanapata mwanya. Daktari akishauri insulini kwa kipindi hiki, msiichukulie kama hukumu. Wapo wanaorudi kwenye vidonge kidonda kikishapona.

Mkifika kliniki, ombeni vitu viwili. Kwanza, wapime mapigo ya damu ya mguu, juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Pili, waingize kifaa cha chuma kisicho na ncha kali ndani ya kidonda kuona kama kinagonga mfupa. Kikigonga kitu kigumu, kuna uwezekano mkubwa mfupa umeambukizwa, na hiyo ni kazi ya antibayotiki kwa takriban wiki sita, au upasuaji mdogo. Picha ya eksirei huweza kuonekana safi wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo picha moja nzuri isiwafanye mlale usingizi.

Nyumbani pimeni kidonda kila wiki, siku ileile. Refu mara pana inatosha. Kidonda cha sentimita 3 kwa 2 kina eneo la 6. Baada ya wiki nne za kuondoa uzito kikamilifu kinatakiwa kiwe kimeshuka hadi 3 au chini yake. Kisiposhuka hivyo, mpango ubadilishwe, msisubiri mwezi mwingine kwa kutumaini.

Siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, mpelekeni hospitali mkiona wekundu unasambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni, mguu umevimba na kuwa wa moto, kidole kimegeuka cheusi, harufu imebadilika ghafla, homa, au sukari imepanda bila sababu. Watu wengi wanakwepa hospitali kwa hofu ya kukatwa mguu. Wanaokatwa sana ni hao wanaokwepa.

Mguu wa pili msiusahau. Mwambie baba afumbe macho, kisha gusa kwa ncha ya kidole chako, polepole na bila kubonyeza, sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, na ule mguu mwingine uko hatarini. Asitembee peku hata ndani. Msikitini avae soksi safi na kuzikagua akitoka. Asipashe miguu moto, wala asiitumbukize kwenye maji kabla mtu mwingine hajayapima kwa kiwiko. Na alale kwenye chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Madaktari wa Dar es Salaam wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa vidole na panya usiku, wakaona damu asubuhi.

Jirani yangu ni mstaafu wa zahanati, anasema kidonda kiachwe wazi kipigwe na hewa kikauke. Mwanangu anayesomea uuguzi anasema kifunikwe kibaki na unyevu. Nimsikilize nani? Na nisafishe kwa nini? — Mama wa watoto wanne, Morogoro

Msikilize mwanao. Jirani naye hakubuni; ndivyo walivyofundishwa wengi. Mwaka 1962 George Winter alichapisha majaribio yake ya nguruwe: majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalifunikwa na ngozi mpya kwa kasi kama mara mbili ya yale yaliyoachwa yakauke. Sababu si ngumu. Chembe za ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Zikikuta ukoko mkavu, inabidi zichimbe njia chini yake.

Lakini unyevu si maji. Bandeji ikilowa hadi nje, na ngozi ya pembeni ikawa nyeupe iliyonyauka kama ya vidole vya mfua nguo, umezidisha: ibadilishe mapema zaidi, na ngozi hiyo uipake vaselini au krimu ya zinki. Gozi ikikauka na kunata hadi ukiibandua inatoka na damu, umepunguza mno.

Kusafishia, maji ya chumvi yanatosha. Chemsha nusu lita ya maji, yatokote dakika kumi, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichofutwa juu kwa kisu, koroga, funika, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Chumvi ikizidi, kidonda kinawasha na kuungua bila faida yoyote. Kama huna chumvi, maji safi ya kunywa yanafaa. Wingi na msukumo wa maji ndio unaosafisha, kwa hiyo yamimine au yasukume kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha kausha ngozi ya pembeni tu. Usitumie pamba ndani ya kidonda. Nyuzi zake zinabaki na mwili unazipiga vita kama mgeni.

Utaratibu uwe huu. Osha mikono kwa sabuni, andaa kila kitu kabla hujafungua, fungua bandeji ya zamani (ikinata ilowanishe dakika tano, usiivute), tupa, osha mikono tena, safisha, angalia, funika. Chini kabisa weka gozi yenye vaselini isiyonata, juu yake gozi kavu za kufyonza, kisha bandeji. Kidonda kisafi kinachoota nyama nyekundu hakihitaji kufunguliwa kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kama bandeji haijalowa. Kila unapofungua, kidonda kinapoa, na kazi inasimama kwa saa kadhaa.

Spiriti, Dettol isiyochanganywa, jivi (GV, ile dawa ya zambarau) na majivu ya jikoni visikaribie. Ayodini ina nafasi yake kwa kidonda chenye maambukizi, kwa siku chache na kwa maelekezo. Haifai kuwa ya kila siku kwa miezi.

Ninauza nguo Gikomba, nasimama kuanzia asubuhi hadi jioni. Nina kidonda juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, mwaka wa pili huu. Kinatoa maji mengi, ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi na ngumu. Nimepewa antibayotiki mara nyingi kiasi cha kusahau hesabu. Kinapungua kidogo kisha kinarudi. — Mfanyabiashara, Nairobi

Mahali kilipo, ngozi iliyogeuka rangi, maji mengi, na kazi ya kusimama: hayo yote yanaelekeza kwenye mishipa ya vena. Ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni kuna vali ndogo zinazozuia damu isirudi chini. Zikilegea, damu inatuama kwenye kifundo, presha inapanda, maji yanavuja kwenye nyama, ngozi inakosa lishe na kupasuka. Antibayotiki haizibi vali. Vijidudu vipo kwenye kila kidonda cha siku nyingi, lakini kuwapo kwao si maambukizi. Bila wekundu unaosambaa, joto, maumivu yanayozidi au homa, vidonge vile vilikuwa vinakuharibia tumbo tu. Kupungua kidogo unakokuona huenda kunalingana na siku ulizopumzika nyumbani.

Tiba ni kuubana mguu. Si bandeji ya kushikilia gozi tu, bali mbano wa kweli, kama milimita 40 za zebaki pale kwenye kifundo, ukipungua kadiri unavyopanda gotini. Kabla ya kubanwa, sharti damu inayoshuka ipimwe, maana mguu wenye ateri zilizoziba ukibanwa unaweza kufa. Muuguzi anapima presha ya juu mkononi na ya juu kifundoni, kisha anagawanya ya kifundo kwa ya mkono. Mkono 130, kifundo 117, jibu ni 0.9: banwa bila wasiwasi. Chini ya 0.8 mbano upunguzwe kwa ushauri wa daktari, na chini ya 0.5 usibanwe kabisa, uende kwa mtaalamu wa mishipa. Ukiwa na kisukari na jibu likavuka 1.3, usilishangilie. Ateri zimekuwa ngumu na kipimo kinadanganya.

Kufunga kwenyewe ndiko kunakoharibiwa mara nyingi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Afungaye awe amefundishwa, na aifanye asubuhi kabla mguu haujavimba. Wayo uwe umesimama pembe ya mraba na mundi, kama mtu aliyesimama. Anatanguliza tabaka la pamba laini kuanzia shina la vidole, akiongeza unene pale mifupa inapochomoza na mbele ya mundi. Kisha bandeji ya kuvutika, kuanzia shina la vidole pia, inafunika kisigino chote, inapanda kwa mzunguko unaofunika nusu ya mzunguko uliotangulia, ikivutwa nusu ya uwezo wake, hadi vidole viwili chini ya goti. Kosa la kwanza ni kuanzia kwenye kifundo na kuuacha wayo: jioni wayo unavimba kama mkate. La pili ni kukaza juu zaidi kuliko chini, na hapo umeifungia damu mlango. La tatu ni kutumia bandeji nyepesi ya krepe peke yake, ambayo kufikia mchana imeshalegea. Ukiona vidole vinageuka bluu, vinapoa, vinakufa ganzi au maumivu yanazidi, fungua palepale.

Bandeji kamili hukaa hadi wiki, au hubadilishwa mara mbili kwa wiki mwanzoni wakati maji ni mengi. Tembea, kwa sababu msuli wa shavu la mguu ndiyo pampu inayopandisha damu. Ubaya uko katika kusimama tuli. Ukiwa kibandani panda na kushuka kwa vidole mara ishirini kila saa, na pata dakika thelathini mara tatu kwa siku za kulala miguu ikiwa juu ya usawa wa moyo. Kuiweka juu ya kigoda huku umeketi hakufiki huko.

Kikipona, na vidonda vya aina hii hupona kwa wengi wanaobanwa ipasavyo, utaendelea na soksi za mbano kila siku, na kununua jozi mpya kila miezi sita kwa sababu mpira unachoka. Ukiziacha, kitarudi. Uliza pia kuhusu upasuaji wa vena. Wengine unawafaa sana.

Kaka yangu alivunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, hana hisia kuanzia kiunoni. Ana kidonda kikubwa juu ya makalio, na kisigino kimoja kina doa jeusi kavu. Hospitali walimwekea glavu zilizojazwa maji chini ya visigino. Tumemnunulia ringi ya kukalia. Tufanye nini zaidi? — Mdogo wake, Mwanza

Poleni sana, nyote wawili. Ringi iondoeni. Inahamishia mkandamizo kwenye duara lake, na ngozi ya katikati inakosa damu kabisa. Glavu za maji nazo ni desturi ya wodi nyingi, lakini hazisaidii. Kisigino bado kimeegemea kitu. Wekeni mto chini ya shavu la mguu, kwa urefu, kisigino chenyewe kining'inie hewani kiasi cha kupitisha karatasi chini yake bila kugusa. Lile doa jeusi likiwa kavu, gumu, halina usaha wala wekundu pembeni, msilichokonoe wala msililainishe. Limekuwa kifuniko, na litajibandua lenyewe. Likianza kulowa, kunuka au kucheza ukilibonyeza, apelekwe.

Ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Kwa kuwa kidonda kiko makalioni, asilale chali hadi kipone. Andikeni ratiba ukutani: saa 12 asubuhi ubavu wa kulia, saa 2 ubavu wa kushoto, saa 4 kifudifudi kama anaweza kupumua vizuri, kisha mnarudia, na aliyegeuza anatia sahihi. Bila karatasi ukutani, kila mtu nyumbani ataamini mwingine ameshageuza. Ubavu usiwe wa wima kabisa, kwa sababu mfupa wa nyonga utatoboa ngozi. Mlazeni kwa mwinamo mdogo, nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti. Anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka, asiburutwe, maana mburuto unachana mishipa midogo chini ya ngozi ambayo kwa juu bado nzima. Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula.

Godoro lipimeni hivi: akiwa amelala, pitisha mkono chini ya godoro, kiganja juu, usawa wa makalio. Kama unausikia mwili wake kwa urahisi, godoro limekwisha. Kwenye kitimwendo ainame mbele, kifua kuelekea magotini, kila dakika 15 hadi 30, na akae hivyo dakika mbili. Kuinuka kwa mikono kwa sekunde chache hakurudishi damu vya kutosha.

Kila mnapomgeuza, angalieni mifupa inayochomoza. Ukiona wekundu, au kwa ngozi nyeusi eneo lililokoza rangi, lenye joto au gumu kuliko pembeni yake, bonyeza kwa kidole. Kama halibadiliki, ngozi imeshaanza kuumia, na mahali hapo hapalaliwi tena hadi parudi. Msipakande. Kukanda mahali palipoumia kunapasua zaidi.

Kidonda chenye shimo kinajazwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, ikiwekwa kwa wepesi. Ikishindiliwa inakuwa jiwe jipya. Tumieni kipande kimoja kirefu chenye mkia nje, au andikeni idadi. Gozi iliyosahaulika ndani hukutwa mara nyingi, na huwa ndiyo sababu ya harufu ambayo antibayotiki haikuiondoa. Nyama iliyokufa, nyeupe au ya kijani inayoning'inia, ikatwe na mtaalamu. Haja ndogo na kubwa visikigusie kidonda: mpira wa mkojo wa kuvaa kwa nje, ratiba ya choo, na ngozi ipakwe krimu ya zinki.

Halafu chakula, maana kidonda kikubwa kinavuja protini kila siku. Mtu wa kilo 50 anahitaji gramu 62 hadi 75 za protini kwa siku. Mayai mawili yanatoa 12, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na dagaa wakavu gramu 30, konzi moja nzuri, karibu 18. Dagaa ndio rahisi kwenu Mwanza, na wasageni kwenye uji kama amepoteza hamu. Mchuzi wa kongoro ambao watu wanausifu sana una mafuta na ladha, protini yake haifiki huko.

Asali, papai bichi, sukari: kipi ni kweli kati ya hivi? — Msomaji, Zanzibar

Vyote vina ukweli ndani yake. Asali na sukari vinavuta maji kutoka kwa vijidudu, na asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda inatengeneza peroksaidi kidogo kidogo, kwa kiasi kisichodhuru nyama. Kwa kuungua kwepesi imefanya vizuri kwenye utafiti. Kwa vidonda vya miguu matokeo ni ya wasiwasi. Papai lina kimeng'enya kinachoyeyusha nyama iliyokufa, na kitauma nyama hai ikiisha hiyo.

Shida iko sokoni. Asali nyingi ya chupa imechanganywa na sukari guru au imechemshwa, na kuchemsha kunaua kile kinachotengeneza peroksaidi. Hata ile safi inaweza kubeba mbegu za vijidudu, ndiyo maana asali ya hospitali hupitishwa kwenye mionzi ya gama kabla ya kutumika. Kwenye kidonda cha juujuu, kisicho na shimo, asali halisi juu ya gozi haitakuletea balaa. Kwenye shimo refu, au mguu wa kisukari ambao bado unakanyagiwa, unapoteza asali tu.

Mwanangu ana miaka 17, ana selimundu. Alikwaruzwa na mti karibu na kifundo, sasa miezi minane pana kidonda kidogo lakini kinamuumiza hadi analia usiku. Wengine wanasema anajidekeza. — Mzazi, Musoma

Hajidekezi. Vidonda vya selimundu ni vidogo na maumivu yake ni makubwa. Apewe dawa ya maumivu ya kweli, na nyingine nusu saa kabla ya kufunguliwa bandeji. Hupenda eneo la vifundo kwa sababu damu ya pale ni ya kusuasua, na chembe zenye umbo la mundu zinaziba mishipa midogo. Huanza na kitu kidogo, mkwaruzo au mbu.

Apumzike na mguu juu, mbano mwepesi kama ateri ziko sawa, usafi kama tulivyoeleza, na damu ipimwe. Daktari anaweza kuamua kumwongezea damu kwa kipindi kidonda kikiwa sugu. Kama anatumia haidroksiyurea, mwulizeni daktari wake, kwa kuwa kwa watu wachache dawa hiyo yenyewe huleta vidonda vya miguu. Msiiache kwa uamuzi wenu, maana inamkinga na mengi. Awe na soksi ndefu shambani, na alale ndani ya chandarua.

Niliungua mguu nikiwa mtoto, kovu lina miaka 27. Mwaka jana palipasuka, sasa nyama inaota ikichomoza juu ya ngozi kama koliflawa, inatoka damu ikiguswa. Mganga amesema ni tego. — Msomaji, Singida

Usisubiri wiki ijayo. Kovu la zamani la moto linalopasuka na kukataa kufunga, lenye kingo zilizobinuka kwa nje na nyama inayochomoza, tunalishuku saratani ya ngozi hadi kipimo kikatae. Hujitokeza miaka mingi baada ya kuungua, mara nyingi ishirini, thelathini na zaidi, na kwa kuwa kovu lina mishipa michache ya fahamu, mtu haumii hadi imechelewa.

Nenda hospitali ya mkoa uombe kipimo cha kinyama. Wakate vipande kadhaa, kutoka kwenye ukingo, sehemu tofauti. Kipande kimoja cha katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na jibu linarudi "hakuna kitu". Likirudi hivyo na kidonda bado kiko vile unavyokieleza, omba kirudiwe. Wakuguse pia kinenani kutafuta tezi. Ikigundulika mapema, huondolewa pamoja na ngozi yenye afya ya pembeni, na pengo huzibwa kwa ngozi ya paja.